Gari Namba Kumi na Nne

"Usinunue hicho, dada. Hicho ni cha teksi."

Delphine Ashcraft aligeuka, kifuniko cha ringi mkononi, tayari kumpasha mtu. Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Juni na uwanja wa maonyesho wa Tamarack ulikuwa umefurika. Watu wametandaza vyuma vyao kwenye maturubai kama wauza mitumba: ving'ora, taa za buluu, redio za upepo, milango mizima ya magari ya polisi ya zamani. Harufu ya soseji na vitunguu vya kukaanga ilikuwa imeingia mpaka kwenye nywele. Na mbele yake alisimama kijana mrefu, shati kalifunga vifungo hadi kooni na joto lote lile, kioo cha kukuzia kinaning'inia kifuani.

"Kwani nani kakuuliza?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi nimejiuliza mwenyewe, nikajijibu kwa sauti." Kijana aliona haya, akatazama chini, ndipo akaona kidole cha Delphine. "Samahani. Hiyo ni pete?"

"Hii?" Delphine aliinua mkono na kucheka. "Hii subana! Nashona viti vya magari. Nimetoka kibandani mbio, nikasahau kuivua."

Jamani, mngemwona Emmett Zielinski alivyofurahi kwa sababu ya kichuma cha kushonea! Delphine siku ile alikuwa kavaa gauni la njano lenye madoa meupe, na chini kabisa mabuti ya gereji yenye mafuta. Ni vazi ambalo mwanamke mwingine angelivaa tungemsema mwaka mzima. Yeye lilimkaa.

Huyu Emmett tulikuwa tunamjua sisi wote tunaokwenda kwenye maonyesho yale. Wiki nzima anasoma mita za maji kule Toledo, Jumamosi anasoma magari. Unamfungulia buti, anaitafuta stika ndogo iliyobandikwa ndani ya kifuniko tangu kiwandani, imejaa namba na herufi tatu tatu, kisha anakusimulia gari lako lilivyozaliwa. Tisa-C-moja: limeundwa kwa ajili ya polisi. Sita-N-sita: milango ya nyuma haifunguki kwa ndani, mhalifu akishaingia kaingia. Sita-E-mbili: ufunguo mmoja unafungua magari yote yaliyoagizwa pamoja, askari asihangaike kutafuta funguo wakati mwizi anatoka nduki. Ujira wake kipande cha pai. Na alikuwa na sheria moja ambayo alituchosha nayo: kabla hujasoma chochote, linganisha namba ya chesisi ya kwenye stika na ile ya kwenye dashibodi. Zisipofanana, funga buti nenda zako, hiyo stika ni ya gari jingine.

"Na wewe una gari gani?" Delphine alimuuliza.

"Caprice ya themanini na tisa. Namba tisa, ya hapa hapa Tamarack. Ofisi ya sherifu iliagiza sita mwaka ule. Matano najua yalipo, hata na rangi zake za sasa. La sita limepotea. Miaka minne nalitafuta."

Delphine alijiuma mdomo asicheke. La sita alilijua vizuri sana. Lilikuwa gerejini kwa baba yake, limefutwa vumbi asubuhi ile ile.

"Njoo kwenye gwaride la Agosti," alisema. "Kuna gari nitakuonyesha."

"Gari gani?"

"Agosti ni mbali? Nipe namba yako ya simu, na hicho kifuniko cha polisi nitafutie wewe unayejua."

*

Kiangazi kile simu zao hazikupoa. Saa sita mchana Emmett anakaa kwenye ngazi ya nyumba ya mtu akila mkate wake, na Delphine anaweka simu juu ya kiti anachokishona.

"Haloo, mpima maji."

"Haloo, laazizi. Umekula?"

"Nimekula. Nipe namba yangu ya leo."

"Leo sita-N-sita."

"Hiyo si ile ya milango?"

"Ndiyo. Ndivyo moyo wangu ulivyo. Ukishaingia, huwezi kufungua kwa ndani."

"Kwa hiyo mimi mhalifu?"

"Mwizi kabisa."

"Na kabla yangu ulikuwa unampakia nani?"

"Hakuna. Kiti cha nyuma kipya, hakijakaliwa."

"Muongo mkubwa wewe!" Delphine alicheka mpaka akajichoma sindano. "Ona sasa, nimetoka damu kwa ajili yako."

Jumapili Emmett alimpeleka kula kwa mama yake, na mama mtu alimtazama Delphine akila sahani tatu za kabichi na soseji, akamwambia mwanawe kwa Kipolandi maneno ambayo Emmett alikataa kuyatafsiri. Masikio yake ndiyo yaliyoyatafsiri, kwa wekundu.

Kitu kimoja tu Delphine hakukisema. Baba yake, Sajini mstaafu Harlan Ashcraft, aliliendesha gari namba kumi na nne miaka saba. Kaunti ililiuza, likapotea, na miaka mingi baadaye mzee alilikuta kwa mfuga kuku, kuku wamelalia kiti cha nyuma. Alilitambua palepale. Kisanduku cha dashibodi kilikuwa hakifunguki mpaka ukipige ngumi mahali fulani, na yeye alikipiga, kikafunguka. Kiti kile kilichochafuliwa na kuku ndicho kiti cha kwanza Delphine kushona maishani, akiwa na miaka kumi na sita. Hivyo gari lile halikuwa la baba peke yake.

Alitaka iwe siku moja, furaha mbili. Baba aongoze gwaride mbele ya askari wenzake wa zamani, na Emmett alipate gari lake la sita. Alishaipanga kichwani mpaka nani atalia kwanza.

*

Siku ya gwaride mzee Harlan alivaa sare yake ya zamani. Vifungo vilivumilia, sina la zaidi. Magari yanayoongoza ni yale tu yaliyothibitishwa, na mthibitishaji alikuwa Emmett. Alikuwa kapiga pasi mpaka kola inakata, maana aliambiwa leo atamwona baba mkwe.

"Baba, huyu ndiye Emmett."

"Wewe ndiye unayemfanya binti yangu acheke na simu?"

"Ndiyo, mzee. Samahani, mzee."

"Usiombe samahani. Fungua buti, kijana. Hilo ni kumi na nne."

Emmett aliposikia kumi na nne, moyo ulimruka. La sita! Alichungulia dashibodi, akaiandika namba ya chesisi kwenye daftari lake. Akaenda nyuma, akafungua buti, na hapo Delphine akaja kusimama karibu, gauni jekundu, mabega wazi, kashika tunda la pichi lililomegwa. "Onja," akamwambia, na akamlisha mwenyewe. Maji ya pichi yalimtiririka Emmett kidevuni. Ilimchukua muda kukumbuka yuko wapi.

Kisha akasoma stika. Akaisoma tena kwa kioo. Tisa-C-moja haipo. Sita-E-mbili haipo. Viti vya mahameli, redio ya kaseti, saa ya urembo.

Wazee waliostaafu walikuwa wamelizunguka gari, kofia mkononi.

"Vipi?" aliuliza Harlan.

"Mzee..." Emmett alianza. Alilitaka gari lile kuliko mtu yeyote pale, na kwa sababu alilitaka sana akaogopa kujidanganya, akasema haraka na kwa sauti, kama mtu anayeng'oa plasta. "Hili si gari la polisi. Hili ni gari la familia. Mtu kalipaka rangi tu."

Halafu mmoja nyuma akacheka, "Harlan, miaka yote hii unaosha gari la mama wa watu!" na wengine nao wakaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, ni wazee tu. Harlan alifunga buti polepole, akaingia garini, akaondoka upande usio wa gwaride.

"Delphine, mpenzi, taa na king'ora mtu yeyote anaweza kufunga, ila stika..."

"Ungeniita pembeni."

"Ulitaka nidanganye?"

"Nani kasema udanganye? Nimesema ungeniita pembeni, Emmett! Maneno mawili tu. Stika unajua kuzisoma, watu hujui." Akampa kisogo. "Usinipigie."

Alipiga. Alipiga saa sita ya Jumatatu, ya Jumanne, na siku tisa mfululizo, ikawa inaita tu mpaka inakata.

*

Kumi na nne ilifunikwa turubai. Delphine alidhani baba yake amekasirika, na hasira za baba alizizoea, zinaisha na kahawa. Hii haikuisha. Asubuhi moja alimkuta jikoni, anaandika majina nyuma ya bahasha.

"Unafanya nini, baba?"

"Najaribu kuwakumbuka wote niliofanya nao kazi. Nimefika kumi na saba. Yule mwenye mbwa wa mguu mmoja mfupi simpati."

"Wa nini sasa?"

Mzee aliweka kalamu chini. "Delphine, mimi ningeapa mahakamani kwamba gari lile ni langu. Kile kisanduku ningeapa. Kama hilo nimelikosea, basi ile siku niliyokutana na mama yako akanicheka, ni kweli ilikuwepo au nimeitunga mwenyewe? Kichwa kikianza kwenda, huwa kinaanza hivi."

"Kichwa chako kizima, baba."

"Stika imesema vingine."

Delphine alimkumbatia, kisha akaenda gerejini akalia, uso kwenye turubai. Alimlaumu Emmett, akajilaumu mwenyewe na mipango yake, na katikati ya machozi akagundua kwamba anamkumbuka yule mpima maji vibaya sana. Hilo lilimkera kuliko yote.

*

Siku ya kumi, Emmett alikuwa kwenye ngazi ya nyumba ya mtu na mkate ambao hakuutaka. Kwa kukosa wa kumpigia, alifungua daftari. Kila ukurasa gari moja, na juu kabisa nafasi mbili zimekaa sambamba: chesisi ya dashibodi, chesisi ya stika. Akafika ukurasa wa gari namba kumi na nne. Nafasi ya kwanza imejazwa.

Ya pili ilikuwa nyeupe. Juu yake palikuwa na doa kavu, duara, la maji ya pichi.

"Loo!" alisema kwa sauti, mpaka mwenye nyumba akafungua dirisha kuuliza kama bomba limepasuka.

Hakulinganisha. Yeye, aliyetuchosha na sheria yake, siku ile hakulinganisha! Alinyanyuka, akalirukia gari lake, namba tisa, akaacha mkate kwenye ngazi.

Delphine alimwona akiingia uani, akatoka kibandani na mkasi mkononi. Alikuwa kavaa aproni yenye vipande vya nyuzi, nywele kazifunga na kitambaa, macho makali.

"Nilisema usinipigie."

"Sijapiga. Nimekuja. Baba yupo?"

"Baba hana haja na wewe."

"Basi nitasema nikiwa nimesimama hapa hapa." Akapaza sauti, maana alimwona mzee nyuma ya wavu wa mlango. "Bwana Ashcraft! Mimi ni mjinga! Nilisoma stika bila kulinganisha namba!"

Mlango ulifunguka kidogo. "Kwa nini hukulinganisha?"

"Nilikuwa namtazama binti yako, mzee."

Delphine alitazama pembeni haraka. Mkasi aliushusha, lakini hakutabasamu, alijikaza.

Wakaliondoa turubai. Emmett alisoma namba ya dashibodi, Delphine akaifuata kwenye stika kwa kidole chenye subana, tarakimu moja moja. Tano za mwisho zilikataa zote.

"Si yenyewe," alisema Delphine polepole. "Stika si ya gari hili."

"Kifuniko cha buti si cha gari hili," Emmett alisema. "Stika imekuja nacho. Mzee, kuna siku uligongwa kwa nyuma?"

Harlan alijipiga paji la uso kwa kiganja, ungesema ameua nyuki. "Lori la maziwa! Tisini na nne, barabara ya kinu! Maziwa yalimwagika mpaka paka wa kijiji kizima wakaja. Gereji ya kaunti wakanifungia kifuniko cha gari bovu. Na Purdy! Purdy ndiye alikuja kuandika ripoti, na yule mbwa wake wa mguu mfupi! Delphine, ni Purdy!"

"Ni Purdy, baba." Alikuwa anacheka na kulia.

"Lakini hiyo," Emmett alisema kwa upole, na safari hii alimsogelea mzee akasema chini chini, pembeni, "inaonyesha tu kwamba stika haijui kitu. Haijasema gari ni kumi na nne. Kuna njia ya kujua. Sijaijaribu bado, maana ufunguo unao wewe. Isipokubali, mzee, hapa tuko watatu tu na sitasema kwa mtu."

Delphine aliisikia ile sauti ya pembeni, na hasira iliyobaki ikamtoka.

"Namba tisa yangu ina sita-E-mbili," Emmett aliendelea. "Ufunguo mmoja kwa magari yote sita."

Mzee alitoa ufunguo wake mfukoni. Akamkabidhi binti yake. "Jaribu wewe. Mimi siwezi."

Delphine alivuka ua mpaka kwenye namba tisa. Aliuingiza ufunguo wa kumi na nne mlangoni. Akageuza.

Klak.

Delphine aliingia, akauchomeka kwenye usukani, akageuza tena, na injini ya namba tisa ikanguruma uani kama iliyokuwa inamngoja. Harlan alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia, akajifuta uso nayo. "Nilijua," alisema. "Nilikijua kile kisanduku."

"La sita," Emmett alinong'ona. "Mzee, nimelitafuta miaka minne."

Walipoinua vichwa, Delphine alikuwa ameshatia gia. Alichungulia dirishani, kitambaa cha kichwa kimelegea, meno yote nje.

"Bwana Zielinski! Nimeiba gari lako. Utafanyaje?"

Na akatoka uani na vumbi lake.

"Anaondoka na gari langu!" alisema Emmett.

"Unashangaa nini? Ingia!" Mzee alikuwa ameshafika kumi na nne. Emmett alimpa ufunguo wake wa namba tisa, mzee akauchomeka, na gari likawaka mara moja. Miaka ishirini na mitano imemtoka mwilini, naapa. Waliifuata namba tisa kwenye barabara ya mashamba, mahindi yamesimama huku na huku juu ya vichwa vya magari, na Harlan akachomoa kipaza sauti mahali pake pa zamani.

"DEREVA WA GARI NAMBA TISA. SIMAMA PEMBENI."

Sauti ya namba tisa ikajibu kutoka juu ya paa lake, maana nayo ilikuwa na kipaza sauti: "SISIMAMI. MNA KOSA GANI LA KUNISHTAKI?"

Harlan alimsukumia Emmett kipaza sauti. "Zamu yako, kijana. Na usiseme namba."

Emmett alikishika kwa mikono miwili. Alifungua kifungo cha kooni, kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"DELPHINE. NILIKUKOSEA. NILITAKIWA NIKUITE PEMBENI, NA TANGU LEO NITAKUITA PEMBENI KWA KILA KITU. ILA HILI MOJA NALISEMA MBELE YA BABA YAKO NA MAHINDI YOTE HAYA. NAKUPENDA. NIOE... YAANI, NIKUOE. UTAKUBALI?"

Namba tisa ilipunguza mwendo. Taa nyekundu za breki ziliwaka. Magari mawili yakasimama katikati ya barabara, moja nyuma ya jingine. Kisha kipaza sauti cha mbele kikakwaruza.

"UMELINGANISHA NAMBA?"

"NIMELINGANISHA."

"MARA NGAPI?"

"KILA SIKU, SAA SITA MCHANA, SIKU TISA. ULIKUWA HUPOKEI."

Mlango wa namba tisa ulifunguka. Delphine alishuka na aproni yake ya nyuzi, akaja akitembea, halafu akaacha kutembea akakimbia. Emmett alikutana naye katikati ya magari. Pete hakuwa nayo, masikini, alikuwa ametoka mbio na mkate kaacha ngazini. Delphine alivua subana kidoleni mwake, akamvisha yeye kwenye kidole kidogo. Ilikwama kwenye kifundo cha kwanza.

"Itatosha mpaka upate ya kunivisha mimi," alisema. "Ndiyo, mpima maji. Ndiyo."

Alimbusu, na hawakuharakisha. Walikuwa bado hapo trekta la jirani lilipofika nyuma, likasimama, na jirani akapiga honi kuuliza kuna nini mbele.

Mzee Harlan alikichukua kipaza sauti chake, akapenga kamasi kwanza, tukasikia kaunti nzima.

"HAPA SAJINI ASHCRAFT, GARI NAMBA KUMI NA NNE. AMEKUBALI. SASA NYIE WAWILI ONDOENI HILO GARI, MNAZUIA BARABARA."